Nalinda usiku, silali mchana, hasira zimenizidi. Huu ni ugonjwa?

Mlinzi_Lindoni:
Wakuu, nina miaka 34, nalinda ghala. Naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Nimepanga Mbagala, chumba cha bati bila dari. Ikifika saa nne asubuhi joto linanitoa kitandani, na kama si joto ni yule jamaa wa kipaza sauti: "Sumu ya panya, mende, kunguni!" Nikijitahidi sana napata saa nne tu za usingizi.

Zamani nilikuwa mpole. Juzi mwanangu kaangusha sufuria, nikamfokea mpaka akajikojolea. Nikaenda chooni nikalia. Mke wangu anasema nimerogwa. Lindoni nikikaa peke yangu naona kama sina faida kwa mtu. Nameza Piriton mbili ili nilale, siku hizi hata hazishtui.

Bodaboda_Usiku:
Hujarogwa wala nini, hama hicho chumba.

Mlinzi_Lindoni:
Kodi utalipa wewe?

Nesi_wa_Zamu:
Pole kaka. Nina miaka tisa ya zamu za usiku, nakuelewa. Mtu mzima anahitaji walau saa saba za usingizi. Usingizi ukipungua, hasira hupanda haraka. Kisha ni kama kuku na yai: kukosa usingizi kunaweza kuleta sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), sonona nayo inafukuza usingizi. Piriton ni ya mzio, mwili unaizoea, achana nayo. Lindoni unakunywa nini?

Mlinzi_Lindoni:
Kahawa. Kikombe cha mwisho saa 11 alfajiri, muuzaji akipita.

Nesi_wa_Zamu:
Hapo hapo! Saa tano au sita baadaye karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Mwisho wako uwe saa sita usiku. Ukitoka, vaa kofia na miwani myeusi, maana mwanga wa asubuhi ndio unaouambia ubongo kumekucha. Dirishani tundika kitenge kizito. Ila hilo la "sina faida" halitibiwi na kitenge. Umewahi kuwaza kujidhuru?

Mlinzi_Lindoni:
Kujidhuru hapana. Kulala nisiamke, nimewaza.

Nesi_wa_Zamu:
Basi usingoje siku ya mapumziko. Kesho ukitoka lindo pitia hospitali ya wilaya, uwaambie hivyo hivyo. Na mkeo mwambie leo.

Mlinzi_Lindoni:
Nimerudi. Daktari kanisikiliza, kanipa tarehe ya kurudi. Mke wangu kasoma uzi wote, hakusema kitu, akatoa kitenge cha harusi ya dada yake. Kasema nikikitoboa kwa misumari atanitoboa mimi.