Buldogi wa kilo 33 na joto la Kisumu: apunguzwe vipi?

Kutoka: Mama J., Milimani, Kisumu

Wapendwa Watanzania wenzangu wa huku, habari za siku nyingi. Wakubwa shikamooni.

Jirani yetu amehamishwa kikazi, katuachia mbwa wake, buldogi wa Kiingereza, dume la miaka minne, amehasiwa. Jina lake Bosi, na kweli ni bosi: kula, kulala, kukoroma mpaka wageni wanageuka kuangalia ni nani. Juzi tulimpeleka chanjo ya kichaa cha mbwa, mizani ikasoma kilo 33. Daktari akasema kazidi mno, apungue, kisha akaita mwingine. Basi baba watoto kanunua kamba mpya, anataka akitoka kazini saa kumi na moja jioni wakimbie wote hadi ziwani na kurudi. Mimi roho inasita, maana Bosi akipanda ngazi tatu tu za veranda ulimi uko nje. Majirani nikiwauliza wanacheka: "Mbwa apungue, kwani anaolewa?" Kwetu Tanga mbwa alikula makoko na kubweka langoni, sikuwahi kumwona kibonge. Mwenye ujuzi anisaidie.

Kutoka: Kaka D., Nyalenda

Pole dada. Kukimbia sijui, lakini maji je? Mpelekeni Dunga, ufukweni mwa ziwa, asubuhi aogelee. Mbwa wote wanajua kuogelea, na hapati joto.

Kutoka: Mzee wa Riat

Marahaba mwanangu. Wengine mnajua nilisomea mifugo pale Sokoine, Morogoro, ingawa miaka mingi nimeshughulika na ng'ombe zaidi.

Mbio zifutwe leo hii. Saa kumi na moja jioni Kisumu lami bado inachoma, na hewa ya ziwa ina unyevu. Mbwa hapozwi na jasho kama sisi, anapozwa na kuhema. Sasa mtazame buldogi: pua imebonyea, matundu yake membamba, kaakaa laini limerefuka mpaka linaziba kooni, na bomba la pumzi lenyewe mara nyingi ni dogo. Anahema kwa nguvu, hewa inapita kidogo, na kule kuhema kunamwongezea joto badala ya kulitoa. Ongeza mafuta ya shingoni na kifuani, utaelewa kwa nini ngazi tatu zinamshinda. Mumeo ana nia njema, ila kwa mwendo huo mbwa atamfia njiani.

Na wewe D., Dunga hapana. Buldogi kichwa kizito, kifua kipana, miguu mifupi. Kwenye maji ya kina anatangulia kuzama kichwa. Viboko wa pale sijawataja bado.

Atembezwe, ndiyo, ila alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu awe njiani, dakika kumi za mwendo wa pole zinamtosha kwa kuanzia, na nyingine kumi usiku baada ya saa moja. Wiki zikienda mnaongeza kidogo kidogo; akifikia dakika ishirini bila kukoroma njiani, hapo mmefika mbali. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami. Usipoweza kuuacha kwa sekunde saba, hata yeye hawezi kuikanyaga. Asivutwe kwa kola ya shingoni, atafutiwe mkanda wa kifuani, koo lake lina shida za kutosha.

Siku akizidiwa mtaona: anahema kwa kishindo bila kutulia, mate mazito, ufizi mwekundu sana au wa kibuluu, miguu inapepesuka. Msianze kutafuta teksi. Mmwagieni maji ya bomba mwili mzima, tumboni na mapajani hasa, mumpepee, huku mmoja anampigia daktari. Msimfunike taulo mbichi mkaliacha juu yake, linafungia joto ndani. Akianza kupoa ndipo mnampakia garini.

Sasa uzito. Ule umetoka kwenye bakuli, na utarudi kwa njia hiyo hiyo. Matembezi yanamsaidia moyo, misuli na akili, lakini mbwa asiyeweza kukimbia huwezi kumkondesha kwa miguu. Dume la buldogi kwa kawaida ni kilo 25 hivi, jike 23. Lakini mizani peke yake isikutawale, kuna wenye mifupa mikubwa. Simama nyuma yake, weka viganja viwili ubavuni, sukuma taratibu. Mbavu unapaswa kuzihisi chini ya mafuta kidogo, kama unavyohisi vifundo vya vidole ukipapasa mgongo wa mkono wako ulionyooka. Ukipapasa ukakuta godoro, amezidi. Kisha mtazame kutoka juu: kifua kipana, halafu nyuma ya mbavu panabana kiasi. Bosi nadhani ni mstatili.

Hesabu ya kuanzia ni hii: chukua uzito unaoutaka, kilo 25, mahitaji yake akiwa amepumzika ni kalori 780 hivi kwa siku. Hicho ndicho kipimo cha kumpunguzia. Chakula kikavu cha mfuko chenye kalori 360 kwa gramu 100 kinakuja kama gramu 215 kwa siku nzima, ugawe mara mbili. Soma mfuko wenu, zinatofautiana. Pima kwa mizani ya jikoni, vikombe vinadanganya. Akishuka asilimia moja hadi mbili ya uzito wake kwa wiki inatosha, kwake ni gramu 330 hadi 660. Kwa hiyo kilo nane ni kazi ya miezi, mwambie baba watoto asiwe na haraka. Daktari wenu aone mpango huu kabla hamjaanza.

Kutoka: Dada R., Section 58, Nakuru

Shikamoo Mzee. Mama J., mimi nina jike la aina hiyo hiyo. Huku Nakuru tuko juu, mita 1,850 hivi, asubuhi ni baridi na nafuu yetu ni kubwa kuliko yenu, lakini Februari jua likiwaka hata wangu hatoki mchana.

Ninachokuambia mimi ni cha nyumbani. Uliza kwanza nani anamlisha. Kwangu dada wa kazi alikuwa anatupa kipande cha chapati, watoto mkate, mlinzi ugali wa usiku, na kila mmoja anaapa ni kidogo tu. Dawa ni kopo. Asubuhi napima chakula cha siku nzima, naweka kwenye kopo la majani ya chai juu ya friji. Anayetaka kumpa kitu achote humo. Kopo likiisha, siku imeisha. Watoto wangu sasa wanagombea punje tatu tatu za kumfundishia kukaa.

Pia ni walafi, wanameza na hewa, halafu usiku chumba hakikaliki. Mwagia chakula kwenye trei ya kuokea keki ndogo, kila shimo kidogo, atachukua muda kulimaliza. Kwa kutafuna nampa karoti mbichi au tango. Makombo ya sukuma wiki hapana, yana kitunguu, ni sumu kwao. Na mikunjo ya uso mfute kwa kitambaa, ukaushe vizuri. Kwa joto lenu la Kisumu panaoza upesi, na mbwa mnene ana mikunjo ya kina zaidi.

Kutoka: Mama J.

Asanteni sana. Nimefanya upelelezi. Mlinzi anakula naye ugali na mgongowazi, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, kila usiku, sahani moja kabisa, na anasema Bosi ndiye rafiki yake wa zamu. Nimwambieje? Na dagaa je, Mzee? Sokoni Kibuye ni bei rahisi, mwenye chumba cha nje anapenda kumchemshia.

Kutoka: Mzee wa Riat

Mgongowazi leo hii ukome, mifupa iliyopikwa inapasuka na kuchoma utumbo. Mlinzi mpe kazi ya kumtembeza ile ya saa moja usiku, urafiki uendelee kwa njia hiyo.

Dagaa ni protini nzuri, ila wa kukaushwa huja na mchanga, na wengine chumvi. Waoshwe, wachemshwe bila chumvi wala kitunguu, kijiko kimoja juu ya chakula, na kitolewe kwenye hesabu. Vya ziada vyote visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Chakula kipya kichanganyeni na cha zamani kwa muda wa wiki moja, msibadilishe ghafla, atahara. Na kama baada ya wiki sita kopo linaheshimiwa na bado hashuki, apimwe damu, tezi ya thairoidi huweza kuwa ndiyo chanzo.

Asiruke kwenye kochi wala kushuka garini mwenyewe. Nyonga zao dhaifu.

Kutoka: Kaka D., Nyalenda

Ya Dunga nimeifuta. Mizani ipo kwa rafiki yangu mwenye kinu cha kusaga hapa Nyalenda, ile ya magunia, anapanda mbwa mzima. Njooni Jumamosi kabla ya saa mbili, foleni ya mahindi ikianza hampati nafasi. Mleteni na maji yake.