Nakatwa ada ya chama nisichokumbuka kujiunga nacho, nifanyeje?

Mwalimu wa Mpakani: Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha msingi, shule ya serikali, huku Busia, upande wa Uganda. Juzi nimepeleka karatasi za mshahara benki kuomba mkopo, kijana wa dirishani akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Mwalimu, na hii ni ya nini?" Ada ya chama cha walimu! Kumbe inakatwa kila mwezi. Si nyingi, kama sukari kilo mbili, lakini sikumbuki kujiunga. Mwalimu mkuu anasema ni lazima kwa kila mwalimu. Binamu yangu aliyeko Marekani anasema mahakama imeshapiga marufuku. Nishike lipi?

Kalamu Nyekundu: La binamu ni kweli, ila ni la kwao. Mwaka 1977, katika kesi ya Abood iliyotoka kwa walimu wa Detroit, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu mfanyakazi wa umma asiye mwanachama atozwe gharama za chama kujadiliana na mwajiri. Mwaka 2018 kesi ya Janus ikaifuta hiyo, majaji 5 kwa 4: asikatwe bila ridhaa yake. Wewe shika Katiba yetu ya Uganda ya 1995: ibara ya 29 na ya 40 zinampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama *akipendacho*. Akipendacho, mwalimu, si alichopangiwa.

Mama Chaki: Pole mdogo wangu. Ila usikimbilie kutoka. Juni 2022, serikali ilipotangaza mshahara wa shilingi milioni 4 kwa mwezi kwa walimu wa sayansi wenye digrii na sisi wengine tukaachwa, nani alituitia mgomo? Peke yako ungegoma jikoni kwako.

Kalamu Nyekundu: Mama, hajauliza kama chama kina faida. Kauliza nani aliruhusu pesa yake ikatwe. Mwalimu, nenda kwa afisa rasilimali watu wa wilaya, omba kuona fomu yenye sahihi yako. Akikuzungusha, afisa kazi yupo, na juu yake Mahakama ya Viwanda, ile ya migogoro ya kazi.

Mwalimu wa Mpakani: Nimerudi, na aibu kidogo. Faili limefunguliwa, fomu ipo. Sahihi ni yangu, ya siku niliporipoti kazini. Tulipewa rundo la makaratasi tukaambiwa "saini hapa, hapa na hapa."

Mama Chaki: 😂 Sote tulisaini hivyo.

Kalamu Nyekundu: Basi dai la kurudishiwa za nyuma litakuwa gumu. Ukitaka kutoka, soma katiba ya chama kuhusu notisi, andika barua, nakala kwa mwajiri. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mwalimu wa Mpakani: Asanteni. Kwanza nitakwenda mkutano wa tawi, niwaulize zile kilo mbili za sukari huenda wapi.