Mzungu analipa dola kuja kujitolea kulinda kasa, mie ninayemfundisha kazi sijalipwa hata nauli. Sasa wanataka na daftari langu!

Wakuu, habari za jioni.

Moderata nakuombeni uzi huu msiuunganishe na ule wa ajira za mahotelini, hili ni jambo jengine. Ni refu, mwenye haraka zake apite.

Mie kijana wa Unguja, huku kaskazini mashariki. Kijiji sikitaji, maana ukitaja kijiji umeshautaja na mradi, na hawa watu tunakutana kila asubuhi dukani kwenye mkate. Huu mwaka wa tatu nipo kwenye mradi wa kulinda kasa kama "kijana wa kujitolea". Mwaka wa tatu! Hivi mtu anajitolea mpaka lini? Hata eda ina mwisho wake.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: saa nne usiku unaingia ufukweni, unatembea mpaka alfajiri, kwenda na kurudi, tochi umeizima. Unatafuta mburuzo, ile njia anayoiacha kasa akipanda kutoka majini, utasema tairi la trekta limepita mchangani. Ukiupata unakaa mbali, umelala kifudifudi, unamwacha achimbe. Akishaanza kutaga ndipo unasogea kwa nyuma yake, unahesabu mayai, mara nyingi mia na kitu, unapima gamba kwa futi ya fundi cherehani, unaandika. Kama katagia chini ya mstari wa maji ya bamvua, yale maji yanayojaa kupita kiasi, shimo litazama, kwa hiyo mayai lazima yahamishwe usiku ule ule, moja moja. Na yai la kasa halipinduliwi. Lilivyolala ndivyo litolewe, na ndivyo likalazwe huko liendako. Ukichelewa ukalitoa baada ya masaa kadhaa ukaligeuza, kitoto kinafia mle mle ndani, na wewe hutojua mpaka miezi miwili baadaye ufukue ukute yameoza.

Haya yote sikufundishwa na mradi. Kanifundisha ami yangu. Mzee huyu ujanani alikuwa akikamata kasa, hafichi, na wakati huo kasa alikuwa kitoweo kama vitoweo vyengine, hakuna aliyemshangaa. Akaacha mwenyewe alipoona hawapandi tena kama zamani. Anautazama mwezi na maji, anakwambia leo watapanda upande wa mikandaa, na wanapanda. Mradi ulipokuja ulimkuta ami na wenzake wa kamati ya wavuvi wanalinda kwa fimbo na tochi ya betri mbili. Sasa kila Jumatano anavalishwa kanzu na kofia, anakalishwa juu ya mkeka mbele ya wageni, anatambulishwa "huyu alikuwa jangili, tumembadilisha". Mzee wa watu anatabasamu kwa vile haelewi Kiingereza. Akimaliza anapewa soda moja. Mie ndiye mkalimani, na sijawahi kuwa na uso wa kumfasiria lile neno.

Tuje kwenye fedha, maana ndiko kunakoniuma.

Wageni wanaokuja kujitolea wanalipa. Watu wengi hawalijui hili, wanafikiri mzungu anakuja bure kwa huruma zake. Dada mmoja Mbelgiji, mtu mzuri wallahi, sina ugomvi naye, aliniambia yeye katoa dola 1,400 kwa wiki mbili, tiketi ya ndege mbali. Akaniuliza, "Na wewe wanakulipa kiasi gani?" Nikacheka tu. Aibu niliona mimi, wakati waliopaswa kuona aibu wapo ofisini na feni inawapuliza. Mie nilipoanza niliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila usiku wa doria, fedha ya chai na vocha. Nimeipata miezi minne. Baada ya hapo nikaambiwa mfadhili kachelewa, kisha nikaambiwa wewe si mwajiriwa, ni volantia, na volantia hadai. Kumbe neno moja lina bei mbili! Mwenzangu anajitolea kwa kulipa, mie najitolea kwa kutolipwa, na katikati yetu kuna mtu anakula.

Na huyo anayelipa hajui kazi, lazima afundishwe. Na nani? Na mie. Kila wiki mbili kundi jipya, somo lile lile tokea mwanzo: usiwashe tochi, usimpite kwa mbele, usimguse. Mwezi wa Nne kijana mmoja alimwona kasa anapanda, furaha ikamshinda, akamwashia taa ya simu usoni apige picha. Kasa kaghairi. Kageuka na mayai yake tumboni karudi baharini. Yule kijana kalia, nikambembeleza mie. Lakini wiki mbili zake zilipokwisha alipewa cheti chenye muhuri kwamba amehitimu mafunzo ya ufuatiliaji wa viota. Mwalimu wake nilipoomba barua tu, ya ukurasa mmoja, niambatanishe kwenye maombi ya kazi, niliambiwa "subiri meneja arudi". Meneja karudi mara tatu. Kwenye kitabu chao cha mwaka kuna picha ya mkono unashika kitoto cha kasa. Mkono ule ni wangu, naujua kwa kovu la mwiba wa samaki taa. Kichwa wamekikata.

Ningevumilia haya yote. Kilichonitoa ni ndoo.

Mwezi wa Sita, kusi imeanza kuvuma, kuna shimo nilikuwa nalihesabia siku. Saa tisa usiku mchanga ukaanza kutitia, vitoto vikaanza kutoka. Mtu asiyewahi kuona sijui nimwelezeje, mchanga unachemka kama uji. Wanatoka usiku kwa maana yake: mchanga umepoa, kunguru wamelala, na bahari ndiyo inayong'aa kuliko nchi kavu, wanafuata mwanga. Wana nguvu ya siku ya kwanza, kiini cha yai bado kimo tumboni, hiyo ndiyo petroli yao ya kuvukia mwamba mpaka maji makuu. Petroli yenyewe haiongezwi njiani.

Nikapiga simu kambini kama tulivyoagizwa. Akaja msimamizi na ndoo mbili za plastiki. Nikadhani za kubebea wale walioingia kwenye mizizi. Akasema tuwakusanye wote, wageni wa hoteli wamelipia "kuachia kasa" saa kumi na moja jioni. Nikamwambia bosi, hawa wakikaa watapigapiga makono humo ndani mpaka wamalize nguvu. Akanijibu, "Kaka, hii ndo inayolipa bili." Bili gani, na mie silipwi?

Masaa kumi na nne. Wapo ndani ya ndoo, imefunikwa kanga, chini ya meza ya jikoni kambini. Nilikuwa nasikia kwa masikio yangu kile kisauti cha makucha kwenye plastiki, kwaru kwaru kwaru, asubuhi nzima. Kufika adhuhuri kikapungua. Alasiri kikanyamaza. Jioni wageni wakapangwa mstari, kila mmoja kakabidhiwa kitoto chake akibatize jina, kamera juu, muziki wa spika. Wengine walikuwa hawainui vichwa. Kunguru wakashuka mbele ya macho ya watu, mama mmoja akapiga kelele. Shimo lilikuwa na vitoto 97. Ndani ya ndoo vilibaki 11 vimekufa, nilivizika mimi nyuma ya choo nikiambiwa nifanye haraka wageni wasione.

Usiku ule niliandika kila kitu: saa waliyotoka, saa waliyoachiwa, waliokufa wangapi. Kwenye daftari langu, kaunta buku niliyonunua kwa fedha yangu, kwa sababu mradi ulileta fomu mara moja zikaisha. Humo mna kila shimo tokea nilipoanza: tarehe, mwezi ulikuwaje, mayai mangapi, mangapi yameanguliwa, kasa gani ana pengo kwenye gamba kapanda mara ngapi. Kiswahili tupu, kwa mkono.

Sasa ripoti ya mfadhili imewafika shingoni na takwimu hawana. Wiki iliyopita wamenipigia: lete daftari, ni mali ya mradi. Nikawauliza volantia asiyedai anadaiwaje? Wakasema watanipeleka kwa sheha.

Nawaulizeni wenye kujua sheria humu. Sina mkataba, sina barua, sina hata fulana yao. Daftari nimenunua mie, mwandiko wangu, miguu yangu. Kisheria ni la nani? Na swali la pili kwa wa Uhamiaji kama wapo: ninavyojua anayekuja nchini kujitolea anatakiwa awe na kibali cha ukaazi daraja C, si viza ya matembezi. Je, hawa wanaoingia kila baada ya wiki mbili kuna mtu anawaangalia? Sitaki wageni wafukuzwe, nataka hesabu zijulikane.

Kabla hamjaniita mpinga maendeleo: kuna sehemu mambo yanakwenda. Msitu wa Jozani sehemu ya fedha za kiingilio inarudi vijijini, na ndiyo maana mtu wa pale anakuwa na sababu ya kumvumilia kima punju hata akimlia shambani. Pemba nako, popo wa kule walikaribia kwisha mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo ukienda Kidike unawakuta wamening'inia mchana kweupe, wengi tele. Wageni walisaidia, sikatai. Lakini waliokubali kuacha kuwawinda ni wenye vijiji, na wanaowalinda ni wao.

Kwetu hata karatasi ya maelezo haipo kwa Kiswahili. Ipo Kiingereza, ipo Kijerumani, sasa wameongeza Kiitaliano. Machi 2024 kule Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, 8 kati yao watoto. Sumu ile haitoki kwa kupikwa, chemsha utakavyo. Kambini kisa hicho wanakisimulia kila Jumatano, wageni wanashika vifua. Nikasema jamani si tuchape karatasi ya Kiswahili tukabandike skuli, madukani na dikoni wanaposhushia samaki, wanaokula kasa si Waitaliano. Nikajibiwa haimo kwenye bajeti.

NYONGEZA (baada ya kusoma majibu yenu):

Anayesema "si uache tu", ndugu yangu, doria nimeiacha tangu mwezi wa Saba. Kwao. Ufukwe sijauacha, ufukwe si wao.

Anayesema nina wivu na wazungu: soma tena pale kwa Mbelgiji. Yule dada ndiye pekee aliyeandika malalamiko kuhusu ndoo, tena alinionesha barua pepe yake. Aliyemjibu kwa maneno matamu ni Mtanzania mwenzetu.

Anayeuliza "mbona nyie wa pwani ndo mliowamaliza kwa kuwala", sawa, tuliwala. Ami yangu atakwambia mwenyewe, humtishi. Na nyavu na taa za mahoteli nazo tuzihesabu basi. Kitoto kinachotoka usiku kikaona taa za baa zinang'aa kuliko bahari kinapanda juu barabarani, asubuhi tunawaokota wamekanyagwa na magari.

Shukrani kwa mwanasheria aliyenitumia ujumbe faragha. Nimefanya ulivyosema: kila ukurasa nimeupiga picha, na nakala moja ipo kwa katibu wa kamati ya wavuvi. Sheha kaniita kesho saa tatu, nakwenda na ami. Kasema safari hii kanzu haivai, anakwenda na shuka lake la uvuvi.

Nakatisha hapa, kanipigia simu sasa hivi yupo ufukweni. Leo bamvua, kaona mburuzo karibu na mawe, na mayai yapo chini ya mstari. Anataka betri na mtu wa kumshikia ndoo. Ndoo ya mayai, msinielewe vibaya.