Naomba ushauri: pweza wangu aishi vipi baada ya kutaga?

Habari zenu wadau. Naunda dunia ya kubuni, miaka milioni 30 baada ya binadamu kutoweka, na kiumbe ninayempenda kuliko wote ni pwezamwamba, uzao wa pweza wa leo. Anaishi kwa makundi kwenye mapango ya miamba. Nimeshamchora: mikono minane, miwili ya mbele imenenepa na kupoteza nusu ya vikombe vyake vya kunatia, maana anaitumia kukokota mawe ya kuziba mlango.

Nilipokwama ni kwenye uzazi. Pweza jike huatamia mayai bila kula, akiyapulizia maji, na yakishaanguliwa naye hufa. Sasa ujuzi utarithishwa vipi ikiwa mama hayupo tena mtoto anapoanza kuwinda?

Kuna jambo linanipa tumaini. Mwaka 1977 ilionyeshwa kwamba majike walioondolewa tezi zilizo karibu na macho waliacha kuatamia, wakarudi kula na wakaishi zaidi. Kwa hiyo njia ipo. Lakini ni shida gani ya mazingira ingeichelewesha tezi hiyo bila jike kuyatelekeza mayai? Nimefikiria adui anayewinda vichanga siku za mwanzo. Ila pweza hula hata pweza wenzake, na naogopa mama aliyeshinda na njaa muda wote huo ndiye atakayekuwa adui wa kwanza.

Mliowahi kuunda viumbe wa bahari, mngeanza kubadili nini: tezi, au hiyo njaa?