Ripoti ya maabara: g yangu 9.59 maksi chache, jamaa ana 9.5 kapewa nyingi, hii imekaaje?

mwaka_wa_kwanza

Habari wakuu, poleni na majukumu. Nipo mwaka wa kwanza fizikia na hapa nilipo sielewi kabisa hawa wasahihishaji wa ripoti za maabara wanataka nini. Tulifanya lile jaribio la pendulamu la kutafuta g (mchapuko wa mvutano wa dunia, kwa m/s²), uzi na kipira cha chuma, muda nikapima kwa stopwochi, mibembeo 20 kwa kila urefu na kila urefu nikarudia mara kadhaa, halafu nikaingiza kwenye fomula nikapata g ya kila urefu, mwisho nikatafuta wastani. Zilitoka hivi: sm 20 ikatoa 9.33, sm 40 ikatoa 9.58, sm 60 ni 9.64, sm 80 ni 9.70 na mita moja 9.71. Wastani 9.59. Kwenye hitimisho nikaandika jibu limepishana kidogo na 9.81 kwa sababu ya makosa ya kibinadamu na upepo.

Ripoti imerudi wino mwekundu mtupu. Kwenye makosa ya kibinadamu kaandika "yapi?", kwenye jibu "± ngapi?", na chini kabisa "grafu iko wapi?". Cha ajabu kuna jamaa wa gropu jingine yeye kapata 9.5, mbali kuliko mimi, kapewa maksi za juu kuliko wote. Na kuna mwingine tunajua kabisa kapika data, yake 9.80 safiii, naye kapigwa chini. Sasa kinachosahihishwa ni nini hasa? Na ripoti yenyewe inaandikwaje, maana sisi tulipewa vichwa tu, lengo, vifaa, njia, matokeo, ukimaliza kusanya.

mzee_wa_kaliperi

Huyo wa 9.5 aliandika 9.5 peke yake?

mwaka_wa_kwanza

Nimemuuliza sasa hivi, aliandika 9.5 ± 0.3

mzee_wa_kaliperi

Basi hapo umeshajibiwa nusu. Yeye kasema kwa vifaa nilivyokuwa navyo na nilivyopima, g iko mahali fulani kati ya 9.2 na 9.8 na hata ikizidi hapo kidogo sitashangaa, na 9.81 inaingia hapo bila shida, kwa hiyo kasema kweli. Wewe umesema 9.59 halafu ukanyamaza, msomaji hajui kama ni 9.59 ± 0.01, ambayo ingekuwa habari kubwa maana ingemaanisha kuna kitu hakiko sawa kwenye jaribio lako, au ni ± 0.5 ambayo haina shida na mtu. Namba isiyoambatana na shaka yake, yaani ile ± inayosema inaweza kukosea kiasi gani, huwezi kuilinganisha na chochote. Hakuna anayekutuma maabara kugundua g upya dogo, g inajulikana, wanataka kuona kama unajua namba yako inaaminika kiasi gani.

Na hilo la makosa ya kibinadamu lifute kwenye maisha yako. Ukilegea kibanio sema kibanio kililegea, ukichelewa kubonyeza stopwochi sema umechelewa kwa kiasi gani na kimebadilisha jibu kwa asilimia ngapi. Upepo vilevile, kama unaamini ni upepo piga hesabu.

Bi_Fotoni

Naomba niingilie maana naona wote mnazungumzia ± na hakuna aliyeangalia data za huyu mdogo wetu. Hebu zisomeni tena kwa mpangilio: 9.33, 9.58, 9.64, 9.70, 9.71. Zinapanda! Kadiri uzi unavyokuwa mrefu ndivyo g inavyokaribia 9.81. Makosa ya nasibu hayana tabia hiyo, yangekuwa mara juu mara chini. Hapa kuna kosa la kimfumo, linauma sana uzi ukiwa mfupi na linafifia uzi ukiwa mrefu, maana yake kuna kitu chenye ukubwa uleule kila mara kinakosekana kwenye urefu.

Swali: ulipima urefu kutoka wapi hadi wapi?

mwaka_wa_kwanza

Kutoka kwenye kibanio hadi pale uzi ulipofungwa juu ya kipira

Bi_Fotoni

Ndo hapo sasa 😄 Urefu wa pendulamu unaishia katikati ya kipira, siyo juu yake. Kwa hiyo kila urefu wako umepungukiwa na nusu kipenyo. Tuseme nusu kipenyo ni sm 1, kwenye sm 20 urefu wa kweli ni 21, kwa hiyo g inatoka 9.81 × 20/21 ambayo ni 9.34. Kwenye mita moja inatoka 9.81 × 100/101 yaani 9.71. Linganisha na zako. Na ndiyo maana wastani haukukusaidia kitu hapa, wastani unapunguza makosa ya nasibu tu, kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo, ukitaka shaka ishuke nusu unahitaji vipimo mara nne ya ulivyonavyo. Ila kosa la kimfumo hata ukirudia hadi usiku wa manane liko palepale, sanasana unazidi kuwa na uhakika na jibu ambalo siyo.

Sasa chora grafu aliyokuulizia mwalimu. Mhimili wa wima weka T² (T ni kipindi, muda wa mbembeo mmoja) na wa ulalo weka L, urefu ulioupima. Ukiandika fomula vizuri, T² = (4π²/g)(L + r), utaona ni mstari ulionyooka, mteremko ni 4π²/g na hiyo r, yaani nusu kipenyo, inaenda kukaa pale mstari unapokata mhimili wa wima, haigusi mteremko kabisa. Yaani grafu inakutolea g safi na wakati huohuo inakuonyesha kosa lako lilikuwa wapi na kubwa kiasi gani. Ila usiulazimishe mstari upite kwenye sifuri kisa fomula ya kitabuni inapita sifuri, ukifanya hivyo umelirudisha kosa lote ndani ya mteremko.

kichwa_ngumu

Mimi nilikuwa najua grafu ni pambo la ripoti kumbe 😂

mwaka_wa_kwanza

Jamaniii. Nimechora kwenye Excel sasa hivi, mteremko 4.023, g inatoka 9.81!! na mstari unakata kwenye 0.041, nikigawanya kwa mteremko napata mita 0.010, yaani sm 1 kabisa. Kipira nakumbuka kilikuwa kama sm 2 hivi upana. Sikuamini. Asante sana dada Bi_Fotoni

mzee_wa_kaliperi

9.81 ± ngapi? 🙂

Sikutanii. Furaha uliyonayo sasa hivi ndiyo ileile iliyomfanya yule mwenzako apike data, mtu akiona 9.81 anaacha kufikiri. Kwenye Excel kuna LINEST, ukiiwasha na takwimu zake inakupa shaka ya mteremko. Kama unachora kwa mkono, chora mstari mkali kuliko yote na mstari mlalo kuliko yote inayoweza kupita kwenye nukta zako kwa heshima, tofauti ya miteremko gawanya kwa mbili.

mwaka_wa_kwanza

LINEST imetoa 0.0045. Kwa hiyo asilimia 0.11, g ni 9.8125 ± 0.0110?

mzee_wa_kaliperi

Asilimia umepiga sawa. Ila andika 9.81 ± 0.01. Shaka inabebwa na tarakimu moja muhimu, mbili zikizidi, na jibu linakatwa kwenye nafasi ileile inapoishia shaka. Hizo tarakimu nne baada ya nukta ni kalkuleta inaongea, siyo wewe.

Halafu hapo kuna kitu wengi wanakosea kwenye stopwochi. Watu wanaandika "muda wangu wa kuitikia ni sekunde 0.2" wanaichukua yote kama shaka. Sawa, ni makadirio salama, kwa mbembeo mmoja wa sekunde 1 ni asilimia 20, ni balaa, ukipima 20 kwa pamoja inashuka hadi asilimia 1, ndo maana mnaambiwa mpime 20. Lakini unachelewa ukianza na unachelewa ukimaliza, ucheleweshaji mwingi unajifuta wenyewe, kinachobaki ni ule mtawanyiko tu, na huo unauona ukirudia kipimo. Nukta zako zimekaa karibu sana na mstari, inaonyesha ulipima kwa utulivu. Huo ndio uthibitisho wa kuweka kwenye ripoti.

nukta_mkato

Niongezee upande wa kupima, mimi huwa nasimamia maabara za mwaka wa kwanza. Kosa ninaloliona sana ni kuhesabu. Mtu anabonyeza stopwochi huku anasema "moja", akifika "ishirini" anasimamisha, amepima mibembeo 19 akagawa kwa 20. g inamtokea 10.9 hivi anaanza kulaumu uzi. Hesabu kuanzia sifuri. Halafu weka alama chini katikati, pale kipira kinapopita kwa kasi, ndiyo uhesabie hapo, siyo kule mwisho kinakojivuta kugeuka, huwezi kujua kimegeuka lini hasa. Na pembe iwe ndogo. Ukiachia kutoka nyuzi 30 kipindi kinarefuka kwa karibu asilimia 1.7 na g inashuka kwa zaidi ya asilimia 3, sasa jiulize jamaa wa 9.5 aliachia kutoka wapi, maksi zake kapata kihalali lakini 0.3 yake huenda imemficha.

Pia kabla hujaondoka maabara chora grafu ya harakaharaka kwenye daftari. Nukta moja ikikaa vibaya unairudia hapohapo vifaa vikiwa bado mezani, siyo siku tatu baadaye umebaki kukisia.

kichwa_ngumu

Swali la kizushi, sasa kupika data kidogo tu kuna ubaya gani kama jibu linajulikana? Kila mtu anafanya bana

nukta_mkato

Huyu mwenzenu angepika asingeona zile namba zinapanda, na asingejua ukubwa wa kipira chake bila kukipima. Ubaya ndo huo, unatupa habari.

Na usifikiri ni utoto wa mwaka wa kwanza peke yake. Mwanafizikia Millikan alipima chaji ya elektroni kwa matone ya mafuta, jibu lake la 1913 ni kama kulombi 1.592 × 10⁻¹⁹, leo ni 1.602 × 10⁻¹⁹. Ilikuwa chini kidogo kwa sababu thamani ya mnato wa hewa aliyotumia haikuwa sahihi. Sasa mwanafizikia Feynman kwenye hotuba yake pale Caltech 1974 alieleza kwamba waliopima baada ya Millikan hawakuruka moja kwa moja kwenye jibu sahihi, walipanda kidogokidogo, kwa sababu mtu akipata namba iliyo juu sana ya Millikan anatafuta kosa mpaka alipate, akipata iliyo karibu naye hatafuti. Hao ni watu wazima na shahada zao.

Kinyume chake ni wale wanafizikia wa jaribio la OPERA 2011, walipima nyutrino (chembe ndogo sana zisizo na chaji) zinazotoka maabara ya CERN kwenda Gran Sasso Italia, kama kilomita 730, wakaona zinafika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga. Hawakuficha, walitoa namba pamoja na shaka yake wakaomba wenzao wawasaidie kutafuta kosa. 2012 ikaonekana kuna kebo ya faiba haikuchomekwa vizuri. Walichekwa kiasi chake lakini data zao zilikuwa wazi na kosa likapatikana.

Bi_Fotoni

Turudi kwenye kuandika maana hilo swali lake la pili limesahaulika.

Mdogo wangu, mimi naanza na grafu na jedwali, ndiyo uti wa mgongo, maneno yanafuata. Jedwali kila safu iwe na jina na kizio juu, usirudie sekunde sekunde kwenye kila mstari. Grafu iwe na maelezo yake chini, mtu akiikuta peke yake aielewe, na iwe na vimistari vya shaka kwenye kila nukta, kama ni vidogo kuliko nukta yenyewe basi sema hivyo. Sehemu ya njia usiandike kama unampa mtu maagizo, "chukua uzi, funga kipira", hapana, eleza ulichofanya wewe, kwa wakati uliopita, pamoja na yale ambayo mtu akitaka kurudia atayahitaji: urefu ulipimwa kutoka wapi hadi wapi (😉), pembe ilikuwa ngapi, ulirudia mara ngapi. Orodha ya vifaa kama ya dukani haina faida, "stopwochi, rula, uzi", taja kifaa pale ulipokitumia na usahihi wake.

Muhtasari andika mwisho kabisa ingawa unakaa mwanzo, na uwe na namba ndani. Nimesoma mihtasari kibao inasema "g ilipimwa na matokeo yakajadiliwa", sasa si useme ni ngapi.

Mjadala ndipo maksi zilipo. Kwako wewe mjadala umeshajiandika wenyewe: g kwa urefu mmojammoja ilipanda kutoka 9.33 hadi 9.71, tabia hii inaendana na urefu uliopungua kwa sm 1, grafu imethibitisha hivyo, na mteremko umetoa 9.81 ± 0.01. Weka hesabu zote mbili, ya wastani na ya mteremko, usiifiche ile ya kwanza. Daftari nalo hivyohivyo, kalamu ya wino, kilichokosewa kikatwe kwa mstari mmoja kisomeke, usichane karatasi.

mwaka_wa_kwanza

Nimeelewa vizuri mno, mbarikiwe. Swali la mwisho: kipira sikukipima, niandike tu kipenyo ni sm 2?

mzee_wa_kaliperi

Usiandike. Rudi maabara na kaliperi, kwanza ifunge uone kama inasoma sifuri, ndipo upime kipira pande tofauti. Ukipata nusu kipenyo sm 0.9 badala ya 1.0, tafuta shaka ya ile 0.041 kabla hujaanza kuhangaika, pengine tofauti hiyo iko ndani yake.