Tupeane uzoefu: umelipia gemu bei kamili, ndani unakuta duka

#1
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa sisi tuliolipia gemu bei kamili, kisha tukadaiwa tena humo ndani. Zile za kupakua bure sina neno nazo, mtengenezaji naye lazima apate riziki.

Naanza. Nilidunduliza miezi mitatu nikanunua gemu ya mpira wa kikapu. Mchezaji wako anaanza na uwezo wa 60. Siku ya kwanza mtandaoni nikakuta wenzangu wako 85, na gemu imetoka juzi tu! Nikiingia uwanjani timu nzima inatoka, wakishaiona tu ile 60. Kupanda kwa kucheza ni wiki nyingi, kwa kulipa ni dakika moja. Nikalipa. Mwaka uliofuata likatoka toleo jipya, na kila nilichomnunulia mchezaji wangu kikabaki kwenye la zamani. Sasa hivi hata seva za lile la zamani zimezimwa, mtandaoni halichezeki tena. Inauma sana.

Tiririkeni.

#2
Pole mkuu. Mimi walinipata kwenye hesabu ya sarafu, zile za ndani ya gemu unazonunua kwa hela halisi. Upanga ni sarafu 600, vifurushi ni vya 500 au 1,000. Nikachukua 1,000, zikabaki 400, na dukani hakuna cha maana chini ya 500. Zile 400 ndizo zilizonirudisha kununua tena.

#3
Mwanangu ana miaka tisa, nilimnunulia gemu ya mpira wa miguu. Kadi yangu ilibaki kwenye konsoli tangu siku hiyo. Usiku mmoja ujumbe wa benki ukaingia mara kumi na moja. Kwenda sebuleni namkuta anafungua pakiti za wachezaji, zile unazolipia bila kujua utampata nani: giza kwanza, taa zinawaka, inatokea bendera ya nchi, halafu nafasi anayocheza, jina mwisho kabisa. Mtoto kashika pedi kwa mikono miwili, hapumui. "Baba, ni pointi tu, siyo hela." Sikuweza kumgombeza. Wazazi, wekeni namba ya siri kwenye kila manunuzi, leo hii.

#4
@#3 hiyo ni kamari, na kuna nchi zimesema hivyo waziwazi. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema visanduku vya bahati (unalipa bila kujua kilichomo, kama hizo pakiti) vya gemu za FIFA 18 na Overwatch vinavunja sheria, na mwanzoni mwa 2019 EA, kampuni ya gemu ya FIFA, wakaacha kuuza huko FIFA Points, pointi za kununulia pakiti. Watoto wa kwingine wana kosa gani?

Na tusinyamaze, kelele zinasaidia. 2017 gemu ya Star Wars Battlefront II ilitaka sarafu 60,000 za humo ndani kumfungua mhusika maarufu Darth Vader. Wachezaji wakapiga hesabu wakakuta ni kama saa 40 za kucheza. Watu wakawaka, bei ikashushwa hadi 15,000, na kabla gemu haijatoka rasmi manunuzi ya ndani yakazimwa. Gemu ya Shadow of War nayo iliondoa duka lake 2018, na watengenezaji wenyewe wakakiri kuwa lilikuwa linaharibu utamu wa gemu. Maana yake inawezekana kabisa kutengeneza bila hilo duka.

#5
@#3 mkuu, hela ilirudi?

#3
Malipo sita yamerudi. Matano wamekataa, wanasema pakiti zilishafunguliwa. Bado nawaandikia kila wiki.