Mrejesho: SMS za kuwakumbusha wajawazito kliniki

Wakuu, niliwauliza hapa kama kwenye hakathoni (shindano la kubuni suluhisho za kiteknolojia) ya afya ya wanafunzi tutengeneze programu ya simujanja au tutumie SMS. Mlisema SMS, tukafuata.

Majaji walitubana hapa: Wazazi Nipendeni, huduma ya SMS kwa wajawazito Tanzania, ilianza kutuma ujumbe wa bure tangu 2012, nyinyi mnaongeza nini? Tukawaonyesha kwamba mama akipitiliza tarehe ya kliniki, mhudumu wa afya wa jamii anapata taarifa amfuate nyumbani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mahudhurio 8 ya kliniki kwa kila ujauzito, na wengi huchelewa kuanza, kwa hiyo hilo ndilo lililowagusa.

Hatukushinda, ila tumepata mlezi wa kutuongoza. Dada uliyesema simu nyingine ni ya familia nzima, ubarikiwe sana: ujumbe wetu sasa hautaji mimba.